Sauti ya Choo cha Tatu

Mtu akikuambia kwamba mwenye neno sokoni ni mwenyekiti, ujue huyo hajawahi kubanwa akiwa sokoni. Mwenye neno ni Mzee Zamu, msimamizi wa vyoo. Ukisimama mlangoni pake umepishanisha miguu, jasho jembamba linakutoka, kisha yeye akavuta sauti na kuita "Zamuuu!", hapo utamwona ni mtu mwema kuliko wote duniani. Jina hilo alibandikwa na wateja. Lile alilopewa na wazazi wake halina kazi tena, na ukimwita kwa hilo anageuka nyuma kutazama anaitwa nani.

Vyoo vyenyewe ni sita, vitatu vya wanawake na vitatu vya wanaume, vimetazamana kwenye ujia mwembamba wenye paa, giza hata saa sita mchana. Mzee Zamu anavisugua asubuhi, adhuhuri na jioni, na katikati ya hapo anavisugua kwa hasira, maana watu hawana adabu. Sakafu yake inang'aa kiasi kwamba mlevi mmoja aliwahi kulala hapo akidhani amefika kwake, na alipoamshwa akalalamika kwamba kwake hapajawahi kuwa pasafi hivi. Sifa hiyo ilimgusa sana Mzee Zamu. Mpaka leo mlevi huyo akija hapangi foleni.

Lakini fahari yake kubwa ni vibao. Kila mlango una kibao cha mbao alichokipaka rangi kwa mkono wake, upande mmoja nyekundu, upande wa pili kijani. Unapoingia unakigeuza kiwe chekundu: mtu yumo. Ukitoka unakirudisha kijani: pako wazi. Kabla ya vibao watu walikuwa wakisukuma milango ovyo na kuonana wasivyotarajia kuonana. Baada ya vibao, amani. Ushindi huo ulimwingia kichwani. Akatundika kibao kwenye stoo yake ya mifagio, ambamo hakuna anayeingia ila yeye. Akatundika kingine kwenye bafu la nyumbani kwa dada yake, anakoishi tangu mkewe alipofariki. Halafu akaanza kuisoma dunia nzima kwa mtindo huo. Taa ya pasi ikiwaka nyekundu, anaiacha: umeme umo ndani, ngoja umalize shughuli zake. Taa za barabarani ndiyo kabisa, hakuna aliyehitaji kumfundisha. Nyekundu ni mtu yumo, kijani ni pako wazi, na kwa miaka yote hiyo hakuna kitu kilichomwonyesha vingine.

Mkabala na ujia huo kuna kibanda cha Bi Mabeseni, mjane anayeuza ndoo, mabeseni na majagi ya plastiki. Kila asubuhi anapofungua, kabla hajapanga bidhaa, anachukua beseni moja moja, analigonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio. Likilia vizuri linapangwa. Likilia vibaya lina ufa, na linawekwa kando hata kama jicho halioni kitu. Mzee Zamu akisikia ile ngo, ngo, anasimamisha ufagio mpaka iishe.

Alimpenda. Tusizunguke. Alimpenda kwa miaka, na kila alipopiga moyo konde akavuka kwenda kumwambia, ulimi uligoma, na maneno pekee yaliyotoka yalikuwa: "Nipe ndoo." Anapewa ndoo. Anarudi nayo ameikumbatia. Stoo ilipojaa akaanza kuzipeleka nyumbani, mpaka siku moja dada yake, ambaye hana mchezo, akamsubiri mlangoni ameshika kiuno.

"Kaka, hebu niambie ukweli. Unataka kuoga au unataka kufungua bwawa?"

"Zinavunjika sana siku hizi, dada yangu."

"Zinavunjikia wapi? Zote hizi si nzima! Jana nimelala nimekumbatia ndoo nikidhani ni mto!"

Kilichomuuma zaidi Mzee Zamu ni kwamba Bi Mabeseni hakuwahi kuja chooni. Hata mara moja. Soko zima limepita mlangoni pake, wauzaji, wanunuzi, wezi na wanaowakimbiza wezi, lakini yeye hapana. Kila adhuhuri anajifunga mtandio, anamwachia jirani kibanda, anakwenda mbio mbio nyuma ya soko, na baadaye anarudi taratibu na uso uliotulia. Mzee Zamu aliitafsiri kuwa ni kinyaa. Mwanamke anaona kazi yangu ni uchafu, alijiambia. Na mtu asiyetaka kuingia chooni kwangu, ataingiaje nyumbani kwangu?

Hata hivyo hakukata tamaa, ila alikuwa na namna yake ya kutokata tamaa. Kila jioni akishafunga geti la ujia, anaingia choo cha tatu upande wa wanawake, kile cha mwisho, anasimama wima na kufanya mazoezi ya kuposa. Choo hicho kina mwangwi. Sauti yake, ambayo nje ni nyembamba, humo inarudi nene na ya kishujaa, na mwenyewe akiisikia anapata kuamini kwamba huyo anayesema ni mwanaume wa kweli. Akitoka tu, ushujaa unabaki humo humo.

Basi Jumatatu moja fundi viatu, ambaye meza yake iko kando ya geti na ambaye hana siri ya mtu, akatema misumari mkononi na kusema, "Umesikia? Bi Mabeseni anahama. Jumamosi mzigo unaondoka, anakwenda soko la juu."

Mzee Zamu aliendelea kufagia mahali pale pale mpaka fundi akamwambia atatoboa sakafu.

Wiki hiyo hiyo, kama vile roho yake haikuwa imetikiswa vya kutosha, akaja mpwa wake na mambo ya sanaa. Huyu ni binti wa dada yake yule wa ndoo. Yeye na wenzake wana kikundi cha picha na sauti: wanawaazima watu wa mtaani kamera na vinasa sauti, watu wanarekodi mambo yao wenyewe, kisha wanawaonyesha wenzao. Zamani walikuwa wakionyesha ukumbini. Waliokuja ni wao wenyewe, mama zao, na mlinzi aliyekuwa akisubiri kufunga. Binti akachoka. Akasema kuanzia sasa kazi za watu zitawafuata watu walipo: ukuta wa kinyozi, kituo cha basi, ngazi za zahanati.

"Mjomba," alimwambia, "sokoni hapa ni wapi watu wanasimama bila haraka?"

"Kwenye foleni yangu wanasimama. Haraka wanayo."

"Hapo hapo! Ukutani kwenye ujia tunaweka picha, ndani ya vyoo tunaweka spika. Na wewe utatuletea sauti."

"Sauti gani? Chooni?" Mzee Zamu alimtazama kama mtu anayepima joto la mgonjwa. "Mwanangu, kuna sauti za chooni ambazo hata mwenyewe hutaki kuzisikia."

"Za kazi yako, mjomba! Ufagio, maji, ile 'zamu' yako. Vitu hivyo watu wanavisikia kila siku na hawavisikilizi."

Hapo alimpata. Mzee Zamu alikuwa akiamini siku nyingi kwamba ufagio wake una mlio wa peke yake.

Kikundi hicho kina sheria moja, na ni vizuri uijue, maana ndiyo iliyoleta balaa. Kazi ya mtu haikatwi, wala haisikilizwi kabla ya siku yake. Inaonyeshwa nzima, kama alivyoileta. Waliiweka baada ya kupunguza filamu ya msaga unga, aliyekuwa amerekodi mashine yake ikisaga kuanzia gunia la kwanza hadi la mwisho. Msaga unga aliona wamemkata mkono. Alinuna, na akawa anamsagia mama wa kila mwanakikundi unga wenye chenga. Tangu hapo wakala kiapo. Ndiyo maana wanayo filamu ya bibi mmoja aliyeshika simu kinyume, akakusudia kuonyesha bustani yake, akarekodi kidevu chake mwanzo hadi mwisho huku akisema, "Na hizi hapa ni bilinganya."

Alhamisi jioni binti alimletea mjomba wake kinasa sauti kidogo cha mkononi. "Unabonyeza hapa, taa inawaka, unaanza. Ukimaliza, unabonyeza tena." Kisha akaondoka mbio, maana alikuwa na nyaya za kutandika. Hakusema lolote kuhusu rangi. Nani angefikiria?

Mzee Zamu alifunga geti. Aliweka kinasa juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya choo cha tatu, akashika ufagio, akajaza maji kwenye jagi, akakohoa, akabonyeza. Taa ikawaka nyekundu.

"Aa," akasema. "Kuna mtu."

Akarudisha ufagio ukutani. Yeye si mtu wa kuingilia wenzake. Kama kidude kina shughuli zake humo ndani, kimalize, kikiwa tayari kitageuka kijani na yeye ataanza. Akasubiri kwa adabu. Lakini kusubiri bure katika choo kile, saa ile, wakati Jumamosi imebisha hodi, kulimshinda. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akasimama wima, akafanya mazoezi yake kama kawaida. Yalikuwa marefu kuliko siku zote. Alipomaliza, macho yamelowa kidogo, akakitazama kinasa, bado nyekundu. Akashangaa watengenezaji wa vitu hivi wanaweka nini humo. Akabonyeza tena, taratibu, kama mtu anayegonga mlango kuuliza kama mwenzake hajazimia. Ikageuka kijani.

"Karibu!" akajiambia, na hapo akapiga kazi ambayo haijawahi kupigwa. Alifagia kwa mikono yote miwili. Alimwaga maji kwa mpigo, akayadondosha tone tone, akagonga ndoo, akafungua na kufunga milango yote sita, na mwisho akaita "Zamuuu!" kwa urefu uliomwacha akihema. Kinasa kilikuwa kimelala fofofo. Hakikunasa hata tone.

Jumamosi asubuhi ujia ulikuwa umetundikwa kitambaa cheusi mlangoni, na ukutani filamu zinapita. Foleni ilikuwa ndefu na yenye furaha. Fundi viatu aliona filamu yake ya miguu ya wapita njia akawa anamwambia kila mtu kisigino kipi ni kazi yake. Kidevu cha bibi kilipopita, watu walikubali kabisa kwamba hizo ni bilinganya. Mwenyekiti wa soko alipanda juu ya kreti nje ya geti, akafungua hotuba yenye salamu nyingi. Na Mzee Zamu, amevaa shati la sikukuu, alisimama kwenye nafasi yake akijitahidi kutotazama upande wa pili, ambako Bi Mabeseni alikuwa akifunga mabeseni kwa kamba na mchukuzi akiyapakia kwenye mkokoteni. Alikuwa amepanga hivi: hotuba ikiisha, anavuka, anasema. Safari hii bila ndoo.

"Zamu!" akaita. Mshonaji nguo, mama mnene mwenye heshima zake, akaingia choo cha kwanza, akageuza kibao. Ndani ya dakika mlango ukafunguka kwa kishindo na mshonaji akatoka mguu niponye, mkono mmoja umeshika sketi.

"Kuna mwanaume!" alipiga kelele. "Kuna mwanaume chooni ananiambia nisiogope!"

Mwenyekiti akanyamaza katikati ya "aidha". Wanaume wawili wakatafuta fimbo. Binti akaja mbio. "Mama, tulia, ni spika! Ni sauti za kazi ya mjomba, ufagio na maji."

"Ufagio gani unasema 'nakupenda'?"

Kila mtu akatega sikio, na kutoka vyoo vyote kwa pamoja ikasikika sauti nene ya kishujaa:

"Ewe jirani yangu mheshimiwa, kwa niaba yangu binafsi..." Kikohozi. "Aa, hapana. Hiyo ni ya msibani."

Foleni ikaangua kicheko. Mzee Zamu alikuwa bado hajaelewa. Alikuwa anajiuliza huyo ni nani, na ana sauti nzuri kweli.

"Mama, mimi ni mtu wa usafi," sauti ikaendelea. "Hapana. Anajua. Sikiliza! Nakupenda!" Ikasikika ndoo ikianguka na mtu akiilaani.

Hapo akaielewa ndoo. Akamshika mpwa wake mkono. "Zima. Mwanangu, nakuomba, zima."

"Mjomba, hii ndiyo kazi yako?"

"Kilikuwa chekundu! Kilikuwa na mtu!"

Binti hakuelewa, na hakupata nafasi ya kuelewa, maana mshonaji nguo alikuwa amesharudi langoni, hofu imemtoka, anawasukuma watu kwa kiwiko. "Ukizima, binti, mimi nakuzima wewe. Sheria yenu si haikatwi? Basi isikatwe." Na wanawake wote nyuma yake wakaitikia.

Yaliyofuata hayajawahi kuonekana sokoni pale. Foleni ilikataa kusogea. Walioingia hawakutoka, na waliokuwa nje wakabandika masikio kwenye milango. Wauzaji waliacha vibanda wazi. Watu wasio na haja yoyote walijipanga, na wenye haja walirukaruka nyuma wakiwalaani. Kutoka choo cha pili cha wanaume mwenyekiti, aliyekuwa amekatiza hotuba kwa sababu zake, alitoka anapangusa macho kwa tai na kuuliza, "Sasa huyo mwanamke ni nani? Maana asipokubali, mimi nitaitisha kikao."

Ndilo swali walilokuwa nalo wote. Mama wa vitambaa alianza kutengeneza kilemba. Mshonaji alisema yeye ameanza kujishuku. Sauti, kwa bahati, ilikuwa imemaliza makelele na imeshuka, ikawa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake.

"Kila asubuhi unagonga beseni, unatega sikio. Mimi huku nasimamisha ufagio. Nimekuwa nikisema, siku moja na mimi anigonge, anisikilize kama nina ufa. Mimi ndoo sina shida nazo. Ninazo za kunitosha mpaka kiama. Dada yangu analala nazo. Ni kwamba nikifika pale kwako sijui kusema kitu kingine. Sasa nasikia unahama. Ukihama, mimi nitavuka kwenda kwa nani?"

Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja kutazama upande wa pili. Bi Mabeseni alikuwa amesimama kando ya mkokoteni, kamba mkononi. Mchukuzi alikuwa amekaa chini.

Mzee Zamu hakungoja kuona uso wake. Alijitupa ndani ya stoo ya mifagio, akaurudisha mlango, akajibanza katikati ya ndoo. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote amelinda siri za watu wazima wakiwa katika hali ambazo hazisimuliki, na hakuwahi kumcheka mtu. Sasa soko zima limemsikia yeye, tena hadi kile kipande cha msibani. Na aliyekuwa akimwogopa kuliko wote amesikia mbele za watu, kutoka chooni, mahali ambapo hajawahi kutaka hata kupakaribia. Aliomba ardhi ipasuke immeze, lakini alikuwa ameisakafia vizuri mno.

Nje alisikia kicheko kikikatika. Kisha sauti ya Bi Mabeseni, kavu, kama anayeuliza njia.

"Foleni inaanzia wapi?"

"Pita tu, mama, pita!" watu wakasema, wakajibana ukutani.

"Sipiti. Nitangoja zamu."

Akangoja. Foleni ilikwenda kwa kasi ya ajabu, hata waliobanwa walikata kauli kwamba hawakubanwa. Alimtazama bibi na kidevu chake mpaka mwisho, mikono ameifungia nyuma. Zamu yake ilipofika hakukuwa na wa kuiita, akaingia mwenyewe choo cha tatu, akageuza kibao. Sauti ikaanza upya tangu "Aa, kuna mtu", ikapita "Ewe jirani yangu mheshimiwa", ikaenda yote, pamoja na ndoo kuanguka, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Mwisho ikasikika: "Hee, hiki kidude bado chekundu. Aliye humo amehamia?" Kisha, tik.

Kibao kikarudi kijani. Nyayo zikaja hadi mlango wa stoo. Ukafunguka.

Bi Mabeseni hakumtazama kwanza yeye. Alitazama ndoo, zilizopangwa hadi darini, nyekundu, bluu, njano, nyingine bado zina karatasi zake.

"Kumbe ziko hapa," akasema. "Mimi nilidhani unafuga ng'ombe."

Mzee Zamu alifungua mdomo. Huku hakuna mwangwi.

"Usiseme nipe ndoo," akamwonya.

"Sisemi."

"Unajua kwa nini nahama?"

"Biashara," Mzee Zamu akanong'ona.

"Biashara gani! Biashara yangu iko hapa, na mteja wangu mkubwa ni wewe. Mdogo wangu anayekaa hapo nyuma ya soko anahamia karibu na soko la juu. Kwake ndiko ninakokwenda nikibanwa."

Mzee Zamu alielekeza kidole kwenye ujia. "Lakini mimi niko hapa, mkabala. Vyoo sita. Visafi."

"Najua ni visafi!" Bi Mabeseni alipandisha sauti, na nje watu wakasogea karibu zaidi. "Soko zima linajua! Lakini ningepitaje mbele yako na kopo la maji, uniitie zamu kama unavyomwitia mlevi? Mwanamke ana heshima yake mbele ya mtu anayemtaka. Miaka yote hii nakimbia vichochoroni nimebana miguu kwa ajili yako, jua kali, mvua, mara mbili nusura niaibike njiani. Na wewe unanunua ndoo!"

Mzee Zamu alijisikia kucheka na kulia, na kwa kuwa hakujua lipi litangulie, alisimama tu na shati lake la sikukuu, utando wa buibui begani. Bi Mabeseni akaupangusa. Kisha akakunja kidole, akamgonga kifuani kwa kifundo, mara moja, mara mbili, akainamisha kichwa na kutega sikio. Alikaa hivyo muda, kama hana kazi nyingine duniani.

"Kitu kinagonga chenyewe humu," akasema.

"Kina ufa?"

"Hakina."

Nje mtu mmoja, aliyebanwa kweli kweli, akashindwa kuvumilia. "Jamani! Mmekubaliana au bado? Wengine hatukuja kusikiliza!"

Bi Mabeseni akatoa mkono nje ya mlango wa stoo, akapapasa kibao, akakigeuza kikawa chekundu. Kisha akaufunga mlango. Upande wa pili mchukuzi akainuka, akajipangusa suruali, akaanza kuteremsha mabeseni.